Njia ya matunda Soni hadi Magamba: tuitangaze kwa historia ya walowezi, au tuachane nao?

Mgosi wa Magamba:
Onga mshi wandugu. Msimu ndio huu. Ukipanda kutoka Mombo, ukishaikaribia Soni, kila kona kuna mtoto na ndoo ya plamsi. Ukivuka Lushoto mjini kuelekea Magamba unakuta mipeasi na mifyulisi imeshika mabonde kushoto na kulia, mikaratusi imesimama pembeni, ukungu unaingia mpaka ndani ya gari. Mombo hadi mjini ni kilomita 33 hivi za lami, na mkoa mzima wa Tanga sijaona barabara ya kuifikia ile kwa mandhari.

Hoja yangu ni kwamba tuweke vibao, tuiite Njia ya Matunda, na historia yake iandikwe humo humo. Mji huu Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Walifuata baridi, wakaleta miche ya kwao, wakajenga boma, na misheni ilishafika Mlalo tangu 1891. Miti ile ni urithi wao, tutake tusitake, na wageni wanaotoka Ujerumani wanakuja kutafuta hayo hayo. Kuna jamaa nimewagusia wazo hili wamenijia juu eti nawapamba wakoloni. Nyinyi mnaonaje? Tujadili kwa hoja.

Angalizo dogo: ndugu zetu wauzaji wa njiani nao waache mchezo wa kuweka mbovu chini ya ndoo na nzuri juu. Mgeni anafika Segera, anamwaga ndoo, ndipo anajua kaliwa.

Kilindi Halisi:
"Urithi wao." Mkuu, hapo uliandika ukiwa macho? Mwaka 1895 hao unaotaka kuwawekea vibao walimnyonga Mputa, mfalme wa Vuga, wa ukoo wetu wa Wakilindi. Mwaka huo huo Berlin ikatoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya Kaiser. Na aliyekuwa anaamua kama ina mwenyewe au haina ni nani? Shamba ambalo mtu amelilaza lipumzike waliliona ni pori, wakajikatia. Kibao hicho kisimame kwanza, halafu ndio tuje kwenye plamsi.

Mama Plamsi:
Mimi naomba mwenye mada anijibu hilo angalizo lake. Hukutaja stendi lakini sote tunajua unaisema Soni. Umemwona nani akiweka mbovu chini? Plamsi zinachumwa alfajiri umande haujakauka, zinachambuliwa kwa mkono, za kupasuka tunabaki nazo nyumbani tunakula wenyewe. Ile ya chini inabonyea kwa sababu iko chini! Umepanga kilo kadhaa juu yake, umeweka ndoo dirishani juani, basi linakata kona za kushukia Mombo, halafu ukifika Segera unataka ikute kama ilivyokuwa mtini?

Na nyie wateja hamjisemi. Mnanunua dereva keshaweka gia, mnatupa hela chini tuzikimbilie, na ndoo mnaondoka nayo. Ndoo ile siuzi.

Zigua Boy:
Wagosi bwana! Mfalme kanyongwa, ardhi imekwenda, kinachowaliza ni ndoo.

Mama Plamsi:
Mfalme sikumkuta. Ndoo nimenunua mimi.

Mwalimu Mstaafu:
Vijana, taratibu. Mwenye mada ameanza na jambo ambalo si sahihi, na Kilindi naye amelipita. Walowezi hawakuja Usambara kwa ajili ya matunda. Walikuja kwa kahawa. Miaka ya 1890 walifyeka misitu upande wa mashariki, kule Amani na Derema, wakaona miti mikubwa wakadhani udongo una nguvu sawa na ile miti. Kahawa ikapanda vizuri misimu michache, kisha ikadorora. Ndipo fedha yao ikashuka tambarare kwenye mkonge. Miche ya kwanza ya mkonge ililetwa na Dkt. Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, ikapona 62 tu, na kutoka hiyo 62 ndiyo mkaona mashamba yale ya Korogwe na Muheza.

Huku juu matunda ya baridi, viazi na mboga zilikuwa za mezani kwao, na walikuwa na shamba la majaribio Kwai. Aliyeifanya plamsi kuwa biashara ni mkulima mwenye robo eka aliyepandikiza kijiti nyuma ya nyumba yake. Kwa hiyo hilo neno urithi lipimwe kabla ya kuandikwa kibaoni.

Mgosi wa Magamba:
Mwalimu shikamoo. Sasa hapo si umekubali kwamba miche waliileta wao? Mimi nimesema nini tofauti? Mkonge pia umeletwa na Mjerumani na mpaka leo Tanga nzima tunajitapa nao, hakuna anayelia.

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba. Nimesema kilichokuja na kilichofanyika baadaye ni vitu viwili.

Kilindi Halisi:
Mgosi, mahindi, muhogo na viazi vitamu vimetoka Amerika. Umewahi kuona kibao cha kumshukuru Mreno njiani ukienda Handeni? Tunda likishalimwa na bibi yako ni la bibi yako.

Njombe Baridi:
Naona mnagombania plamsi. Matunda ya baridi yako Njombe na Makete ndugu zangu. Epo letu likifika Dar watu wanadhani limetoka nje.

Zigua Boy:
Wanadhani limetoka nje kwa sababu ni gumu kama limekaa kontena.

Mama Plamsi:
Njombe hakuna aliyewaita. Na mwenye mada bado hajanijibu.

Mzee wa Mombo:
Nimesoma kuanzia juu, nikaona kuna kitu hakijasemwa. Barabara yenyewe. Mnaisifia mandhari, kona zile, ule ukuta wa mawe, hamuulizi nani alishika sururu. Enzi hizo kila mwanaume wa milima hii alipewa kadi. Ilitakiwa afanye kazi kwa Mzungu siku 30 ndani ya kila miezi minne, na mwenye shamba anatia alama. Kadi isipojaa unapelekwa kazi za serikali, na kazi za serikali zilikuwa ni barabara. Wazee walitusimulia watu wakikimbilia msituni wakisikia akida anakuja. Kama sikosei Mwingereza ndiye aliyeleta hizo kadi, au labda alizikuta.

Mwalimu Mstaafu:
Mzee mwenzangu, alizikuta. Kadi ni za Mjerumani, na zilianzia hapa hapa wilaya ya Wilhelmstal. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na ikachukua zaidi ya miaka kumi kufika Mombo. Ilipofika, walowezi wakawa wanahitaji mikono na Wasambaa walikuwa na mashamba yao, hawana shida ya kibarua. Ndipo nguvu ikatumika. Mwingereza yeye alikuja na matuta.

Mzee wa Mombo:
Matuta! Usinikumbushe. Hayo nimeyaona mwenyewe nikiwa mtoto. Mama zetu walilazimishwa kukata matuta kwenye miteremko eti kuzuia mmomonyoko, eka kwa eka, wasipomaliza faini. Watu wakagoma. TANU ilipata wanachama wengi huku kwa sababu ya jembe lile tu.

Bwana Shamba Mstaafu:
Samahani mzee, matuta kitaalamu yalikuwa sahihi. Kosa lilikuwa namna yalivyoletwa. Leo hii mnalima mpaka kwenye ukingo wa mto, mvua ya vuli ikipiga barabara inafunikwa na udongo, halafu mnalaumu TANROADS.

Mzee wa Mombo:
Kijana, umewahi kukata tuta kwenye mteremko ambao mbuzi akijikwaa anafika bondeni? Na mgongoni una mtoto? Sahihi yako ya ofisini usiniletee.

Bwana Shamba Mstaafu:
Mimi si kijana, nimestaafu.

Mzee wa Mombo:
Basi umestaafu hujaelewa.

Dada wa Hamburg:
Nawasalimu kutoka kwenye baridi. Mimi kwetu ni Bumbuli, niko huku miaka mingi. Naomba niongeze kitu. Karibu na Hamburg, ukifuata mto Elbe, kuna eneo linaitwa Altes Land. Ni mashamba ya matunda matupu, maepo na macheri, na barabara nyembamba zinapita katikati juu ya tuta la kuzuia maji. Kwenye Aprili na Mei miti inachanua, watu wanakuja na baiskeli kwa maelfu. Na lenyewe lina historia ya walowezi: karne ya 12 walikuja Waholanzi wakakausha kinamasi wakalifanya shamba. Wajerumani leo wanaisimulia bila kugombana, wanauza juisi, wanauza keki. Nje ya geti unakuta meza, maepo yamepangwa, pembeni kisanduku cha hela. Hakuna mtu. Unachukua, unaweka hela, unaondoka. Kwa hiyo naunga mkono hoja ya Mgosi, inawezekana.

Zigua Boy:
Kisanduku cha hela bila mtu. Dada, hapa Soni ukiweka kisanduku jioni hukuti plamsi, hukuti hela, hukuti kisanduku, na meza imeenda kuwa kuni.

Mama Plamsi:
Wewe Mzigua naona leo umepania. Watu wa Soni ni wezi?

Zigua Boy:
Mama utani tu. Sisi si watoto wa nyumba moja?

Mama Plamsi:
Nyumba moja lakini chumba tofauti.

Kilindi Halisi:
Dada wa Hamburg, mfano wako unatupiga sisi. Hao Waholanzi walialikwa na askofu mwenye eneo, wakapewa mkataba, na walichokausha kilikuwa maji. Hawakumkuta mfalme wakamtundika. Hawakumpa mwenyeji kadi ya kumlimia. Ndiyo maana wanasimulia wakiwa wanakula keki.

Dada wa Hamburg:
Kaka yangu, sikusema ni sawa sawa. Ila mtu ukiwa mbali ndipo unaelewa mambo. Nina ua dirishani kwangu hapa, lile dogo la zambarau, kila bibi wa Kijerumani analo, na wanaliita kwa jina la Usambara. Lilipelekwa Ulaya mwaka 1892 na ofisa wao, Walter von Saint Paul-Illaire. Hawajui hata Usambara iko wapi. Nikiwaambia ni kwetu, wanashangaa. Hilo si la kutangaza?

Kilindi Halisi:
Na jina la kitaalamu la ua wakampa yeye ofisa, Saintpaulia. Mama zetu waliokuwa wanalipita kila siku wakienda kuteka maji hawakuwa na macho?

Njombe Baridi:
Sisi Njombe tuna maua pia, mnajua pareto?

Mgosi wa Magamba:
Jamani turudi kwenye mada. Swali lilikuwa vibao. Historia yote iandikwe, nzuri na mbaya. Mputa aandikwe, kadi ziandikwe. Mimi sijakataa.

Kilindi Halisi:
Kwenye mada yako hukumtaja Mputa wala kadi. Ulitaja miche na baridi. Sisi ndio tumekuletea. Halafu tuambie ukweli, wewe si una gesti huko Magamba? Vibao ni vya historia au vya kukuletea wateja?

Mgosi wa Magamba:
Ninayo, vyumba vinne, sijaificha. Nimejenga kwa jasho langu. Kwani kuwa na gesti ni kosa? Wewe una nini Lushoto zaidi ya jina la ukoo? Unakaa Dar, unakuja kwenye misiba, unatufundisha uchungu.

Kilindi Halisi:
Nakuja kwenye misiba kwa sababu ndugu zangu wamezikwa huko. Umevuka mstari.

Zigua Boy:
Nimeshapata siti, endeleeni.

Dereva Fuso:
Mimi nabeba mzigo kutoka Lushoto kwenda Dar, niwaambie kitu nyie watu wa vibao. Mtalii anapita na Landcruiser moja, ananunua ndoo moja, anapiga picha tatu. Anayelisha ile barabara ni Fuso. Usiku mnalala, sisi ndio tunashuka na matenga ya plamsi, kabichi, karoti, hoho. Tatizo la plamsi si Mjerumani. Plamsi ikishaiva ina siku mbili tatu. Ukichelewa kupakia ukakuta foleni ya Chalinze, ukifika sokoni asubuhi dalali anatia mkono kwenye tenga moja tu, ananusa, anakupangia bei anayotaka. Huwezi kurudi nayo Lushoto.

Mama Plamsi:
Huyu sasa ndiye anayezungumza. Dalali anakuja shambani kwangu miti ingali na maua. Ananunua mti mzima. Ukiwa na mtoto anaenda shule Januari unakubali, bei yenyewe ni ya soda kadhaa. Msimu ukifika anavuna yeye, mimi nasimama pembeni naangalia mti wangu.

Mwalimu Mstaafu:
Hili la kununua maua ni kubwa kuliko vibao.

Dereva Fuso:
Halafu ushuru. Kila geti mtu na kitabu chake.

Mtu wa Halmashauri (zamani):
Dereva usipotoshe. Tangu 2017 mazao yasiyozidi tani moja yanayotoka wilaya moja kwenda nyingine hayalipiwi ushuru wa mazao. Mama mwenye matenga yake machache hatakiwi kudaiwa.

Dereva Fuso:
Tani moja ya nani? Gari langu limebeba mizigo ya akina mama ishirini. Kila mmoja ana matenga yake, jumla ni tani kadhaa. Getini wanahesabu gari, hawahesabu akina mama. Uliwahi kusimama pale saa nane usiku na mvua ukawasomea hiyo sheria?

Mtu wa Halmashauri (zamani):
Kila mzigo uwe na karatasi ya mwenyewe, jina na kijiji. Ukiwa nazo huna cha kuogopa.

Dereva Fuso:
Karatasi ishirini, zimelowa.

Mama Plamsi:
Na lumbesa mbona hamuisemi? Kwenye kabichi na viazi ndiyo imetumaliza. Gunia linashonewa kilemba juu mpaka linakuwa na kichwa cha pili, lakini linahesabiwa ni moja. Sheria ya vipimo inasema kilo 100 mwisho. Nani anapima? Mizani yenyewe iko wapi?

Mgosi wa Magamba:
Mada imehama kabisa. Nilikuwa naulizia utalii.

Mama Plamsi:
Mada umeihamisha mwenyewe uliposema tunaweka mbovu chini. Mpaka sasa hujanijibu.

Dada wa Hamburg:
Mama, na mimi nauliza kwa nia njema. Kwa nini zisikaushwe au zikapikwa jemu? Irente, kwenye shamba la kanisa, wanauza jemu, mkate na jibini miaka mingi, na wageni wanapanda mpaka huko kwa ajili hiyo tu.

Mama Plamsi:
Mwanangu, jemu inataka sukari, chupa, kuni na mnunuzi. Sukari unajua bei yake. Chupa zinatoka Dar. Kanisa lina shamba, lina jiko, lina gari. Mimi nina miti kumi na moja na mwiko. Tulijaribu kikundi, tukapika, tukabandika karatasi, dukani wakauliza nembo ya ubora. Tukala wenyewe mpaka watoto wakaichukia.

Bwana Shamba Mstaafu:
SIDO wanafundisha hayo, na TBS ina utaratibu wa wajasiriamali wadogo. Kikundi kinaweza kuanza hata na watu watano.

Mama Plamsi:
Baba, tulikuwa kumi na tano.

Kilindi Halisi:
Kwa hiyo mnaona? Mashamba ya walowezi wazee wetu walilima kwa kadi, bei akapanga mwingine. Plamsi tunalima kwa hiari, bei anapanga mwingine. Ndiyo maana sina hamu na vibao.

Mgosi wa Magamba:
Kila kitu kwako ni Mjerumani. Dalali ni Mjerumani? Dalali wengine ni binamu zetu, unawajua kwa majina.

Kilindi Halisi:
Ninawajua. Mmoja analala kwenye gesti yako kila msimu.

Mgosi wa Magamba:
Analipa.

Zigua Boy:
😂😂 Nimekufa.

Mwalimu Mstaafu:
Nirudi kidogo kwenye njia. Kama vibao vitawekwa, vianzie Vuga, visianzie bomani. Vuga ilikuwa mji mkuu wa Wakilindi kabla hajatokea mtu wa kuchora Wilhelmstal kwenye ramani, na barabara ya kwenda huko ukitokea Soni ni ya vumbi, gari dogo mvua ikinyesha halipiti. Mtu anayetaka historia tumpeleke huko, aone. Na Shume isisahaulike: Wajerumani walivuta waya kutoka huko juu kushusha mbao za mierezi mpaka Mkumbara relini. Miti ile ilikuwa ya nani?

Njombe Baridi:
Mwalimu, hiyo waya bado ipo?

Mzee wa Mombo:
Chuma cha bure kikae miaka yote hiyo na wauza vyuma chakavu wapo?

Mtu wa Halmashauri (zamani):
Barabara ya Vuga iko chini ya TARURA, si TANROADS. Watu huwa wanachanganya.

Mzee wa Mombo:
Sisi tunachanganya, lakini tope halichanganyi.

Dereva Fuso:
Mama Plamsi, nisikilize. Acha matenga ya mwanzi marefu. Tumia yale mafupi, safu tatu tu za plamsi, weka majani ya mgomba kati ya safu na safu, na uchume zikiwa zimeanza wekundu tu, zisiwe laini. Zinaivia njiani. Mzigo wako nitauweka juu ya kabichi, siyo chini. Jumanne na Ijumaa nashuka, saa mbili usiku nakuwa Soni.

Mama Plamsi:
Majani ya mgomba ninayo. Tenga moja nauli shilingi ngapi?

Dereva Fuso:
Fupi nusu ya refu.

Mama Plamsi:
Wenzangu wako sita. Ukitufanyia robo tunajaza.

Dereva Fuso:
Robo mafuta hayatoshi kufika hata Mombo mama. Theluthi, na karatasi za geti mje nazo wenyewe, kila mtu na yake, ndani ya mfuko wa nailoni.